Kiko Kikavu

Bibi Zuwena alirudi Ibra na masanduku mawili;
la pili lilikuwa la kiko.
Alinifundisha kukitaja kama mtu anavyotaja nasaba:
buruma ndiyo kichwa, moto hukaa hapo;
digali ni shingo, hushuka majini;
tumbo ni kifuu cha nazi, cha Pemba, si cha hapa;
shilamu ni mdomo, usimpe mgeni kabla hujaupangusa;
na ule mgugumio wa ndani, mwanangu, ni malio.
Kiko kisicholia hakivutwi.

Huku kwetu bara ya Omani tumbaku ni aibu.
Alivutia ghalani, baina ya mitungi ya tende,
na mjomba Muhanna akipita alikohoa kusudi,
akasoma dua kwa sauti,
akafungua dirisha lililokwama tangu mafuriko.

Ijumaa moja alikuja kumwamkia.
Kishada cha kanzu kimelowa mafuta ya waridi,
kimezidi.
Bibi akamshika mkono, hakuuachia, akaunusa.
"Kitoe."

Midwakhi: kijiti cha mbao, urefu wa kidole cha shahada,
na kichupa cha dokha kama dawa ya macho.
Mikupuo mitatu nyuma ya usukani,
kichwa kizunguke, kitulie, arudi kazini.

Hakumsuta. Alikigeuzageuza,
akatafuta pa kutia maji, hakupaona.
"Maskini," alisema. "Wavuta peke yako,
na chenyewe hakikulilii."

Kisha akasogea kidogo mkekani,
akapangusa shilamu
kwa ncha ya leso.