Chumba cha Kupuliza

Kabla ya ugonjwa, kazi yangu ilikuwa kupiga kelele.
"Vuta! Vuta ndani! Haya, puliza, puliza,
usiache, mama, usiache, bado, bado!"
Hata wauza mahindi nje ya lango la hospitali
walinijua kwa sauti: yule bwana wa puliza.

Kisha ikaja barua yenye mihuri miwili,
ikasema pumzi ni ya kuogopwa.
Mashine ikafunikwa shuka ya kijani.
Miezi saba nilipanga faili za watu wanaohema.
Otsieno, ambaye zamu yake ya Alhamisi sasa ni yangu,
hakuwahi kuisoma ile barua.
Koti lake bado linaning'inia ofisini.
Halina mwenye kuliondoa.

Leo tumefungua. Tumeanza na dirisha,
upande wa ziwa, ingawa ziwa lenyewe halionekani,
ni mabati ya Kisumu tu, na tangi, na kunguru.
Feni tumeigeuza. Haitupepei sisi,
inasukuma hewa nje
kama mlinzi anayemtoa mlevi harusini.

Wa kwanza ni Perez Anyango, wa Obunga, miaka sitini na saba.
Thelathini kati ya hiyo amekaanga mgongo wazi,
mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani
minofu ikishasafiri ng'ambo.
Kuni mbichi, sufuria pana, macho mekundu.
Mlangoni nimempima joto, nimemuuliza:
homa? kikohozi?
Amenitazama kama mtu anayemuuliza samaki kama amelowa.
"Kikohozi ndicho kilichonileta, mwanangu."

Barakoa yangu inabana hadi taya linauma.
Ngao ya uso, glavu, aproni ya plastiki
inayonong'ona kila nikigeuka.
Chujio ni jipya, la mtu mmoja, mara moja,
kama kijiti cha kiberiti.
Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Sisi tumeweka kinga juu ya kinga juu ya kinga
ili usiwake.

"Sasa shusha barakoa, mama."
Na woga wote uko hapo, katika sentensi hiyo moja.
Uso wake mzima, ghafla:
kovu la mafuta shavuni, pengo la meno sita ya chini.
Nambana pua kwa kibanio. "Kaza midomo, pasivuje."
Sipigi kelele tena. Nasimama kando, si mbele yake,
naonyesha kwa mikono
kama anayeelekeza lori kurudi nyuma:
vuta, vuta, vuta, sasa!

Mstari unapanda kwenye skrini, unachoka mapema,
unainama kama jani la mgomba.
Mara ya pili, hivyo hivyo.
Mara ya tatu kikohozi kinamshika.
Anakohoa ndani ya kiwiko, kama tulivyokubaliana,
mabega yakiruka,
nami nahesabu pumzi zangu kama chenji.

Nachomoa chujio kwa vidole viwili.
"Pumzi yangu mnaitupa wapi?"
"Mfuko mwekundu, mama. Halafu tanuri, huko nyuma ya maabara."
Anacheka mpaka anashika ukuta,
ukuta ambao nitaupangusa kwa klorini.
"Basi hata iliyonitoka inarudi motoni."

Ameondoka na karatasi yake, na dawa ya kuvuta,
na ushauri kuhusu jiko ambao sote wawili tunajua bei yake.
Nafunga mlango. Kwa nusu saa
chumba hakina mtu, hewa inajisafisha.
Foleni nje imenuna: chumba kitupu, mbona tungoje?
Sina jibu fupi.
Naandika mlangoni kwa chaki:
ametoka saa nne na dakika kumi,
aingie mwingine saa nne na arobaini.
Alhamisi za zamani tungepima watu watatu hapo katikati,
Otsieno na mimi, tukipokezana kelele.