Komeo Langu Mwenyewe

Mlango wa nyumba yetu Mkomani naufungua kwa kiganja.
Komeo nalijua uzito, ua la tano limemeguka petali,
msumari mmoja umelegea tangu kwa marehemu mama.
Mlango huu haujawahi kuniuliza kama naona.

Wa benki, ule wa ndani ya simu,
ulinitaka nichague picha zote
zenye taa za barabarani.

Nikamwita mpwa wangu Shebwana. Akacheka hadi akakohoa.
"Taa za barabarani, Shangazi, Lamu hii?
Punda wetu husimama kwa rangi gani?"
Akabonyeza miraba mitatu.
Mlango ukafunguka. Kwake.

Wakasema weka kidole. Nikaweka.
Miaka thelathini na moja nasuka mikeka;
ukindu umelamba mistari yote niliyozaliwa nayo.
"Kidole hakitambuliki," ikasema simu kwa adabu,
kama mwenye duka anayekataa noti chakavu.
Basi tazama kamera, pepesa macho.
Nipepese nini? Surua ilishafunga hapo
sijajua hata kusema maziwa.

Wakatuma nambari sita, uhai wake sekunde thelathini.
Sauti inayonisomea skrini, ile ya kutangaza misiba,
ikaipaza dukani kwa Famau:
Nne! Sifuri! Saba!
Muuza kahawa akaitikia saba,
mtoto wa nani sijui akamalizia zilizobaki.
Nikiandika ya tano, muda ukaisha.
Siri yangu waliijua Langoni nzima
isipokuwa benki.

"Tafuta mtu unayemwamini," akasema kijana wa huduma.
Nilikuwa naye.
Alijua neno langu la siri, alijua salio,
alijua siku ambayo pesa za mikeka huingia kutoka Mombasa.
Elfu mbili mia nne. Si nyingi. Sikumuuliza.
Alipokuja kula nilimpakulia kama kawaida,
na tangu siku hiyo wali wetu una mchanga.

Nikaenda benki, nikaketi mpaka meneja akatoka.
Ubavuni mwangu alikuwa Lali, kiziwi, fundi wa redio;
yeye waliahidi kumpigia simu
wathibitishe kuwa ni yeye.
Alicheka bila sauti, benchi likatikisika.

Nikamwambia Bi. Dhahabu: Sikuja kuomba huruma,
huruma nyumbani imejaa madebe.
Wala usinilegezee kufuli, mwizi hatapita mbali kwa kunionea haya.
Nataka komeo langu mwenyewe,
la kushikika na mkono huu.

Akakaa kimya. Kisha nikasikia kalamu.

Ilichukua miezi minne na barua tatu.
Siku hizi nambari haitangazwi.
Simu hulala kiganjani ikatetema:
mapigo, kimya, mapigo,
kama jirani anayebisha hodi
akijua ndani kuna mgonjwa.
Nina dakika tano. Nikikosea, narudia.
Lali naye ana yake, sijui iko vipi,
na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jana Shebwana alikaa hapa, bega kwa bega,
akaisikia ikinong'ona mkononi mwangu.
"Ni ngapi, Shangazi?"

Nikasuka ukili mpaka ncha ya ukindu.

"Kula," nikamwambia. "Wali unapoa."