Vifuniko Ishirini na Vitatu

Alikuja Mwanjelwa mwezi wa sita, baridi ya kung'ata,
saksafoni kaifunga kanga, kaificha ndani ya koti
kama mtu aliyeiba mtoto.
"Fundi Mbilinyi, inavuja."
Nikamwambia, mama, mimi nashona viatu.
Akasema, kiatu nacho huvuja.

Nilikuwa na kipande cha ngozi ya mbuzi, laini,
nilichokitunza kwa viatu vya bwana harusi mmoja
ambaye harusi yake haikufika.
Nikakata miduara kwa mkasi wa kucha,
midogo sawa na kifungo cha shati,
mikubwa sawa na kitako cha kikombe,
ishirini na mitatu.
Tukaipima kwa moshi wa sigara ya jirani:
panapotoka moshi, ndipo noti inapofia.

Tusekile, binti wa matarumbeta ya kanisa, kule Rungwe.
Amezika watu wengi kwa pumzi yake.
Kisha, sijui wapi, akasikia besi inayochechemea kwa makusudi
na ngoma inayoangukia pale usipoiwekea mkono,
akarudi nyumbani hawezi tena kutembea sawasawa.

Walirekodi Iyunga, stoo ya viazi,
magodoro ukutani, udongo bado sakafuni.
Treni ya Tazara ikipita, wanangoja.
Wimbo wa nne hawakungoja.
Umeme ulikatika siku tatu.
Asubuhi bomba limeganda, sauti inazama chini ya kinanda,
basi anapuliza pumzi tupu, robo saa, nusu saa,
mpaka shaba ikubali kuamka.

Leo ameniletea. Nyimbo nane kwenye flashi nyekundu
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Nimechomeka kwenye redio ya kibandani.
Makuli wa parachichi wanapita na magunia,
bega moja linapanda, jingine linashuka,
wenyewe hawajui.

Sikiliza hapa, kabla hajapanda juu:
pa. Pa-pa.
Ni ngozi inaziba tundu.
Kijana wa mitambo alitaka kuifuta, akasema ni kelele.
Tusekile akamwambia, iache,
huyo ni Mbilinyi.

Kwenye karatasi, shukrani, mstari wa mwisho kabisa,
wameandika *Mbilini*.
Herufi imedondoka njiani, labda Uyole, labda Igawa.
Nimelisoma mara mbili, mara tatu.
Si jina la fundi viatu hilo.
Hilo ni jina la mtu wa bendi.

Mapajani nina kiatu cha mteja, soli imefunguka mdomo.
Mwenyewe kakaa kwenye benchi, ana haraka, anasema,
gari la Tukuyu linajaa.
Nimemwambia wimbo uishe kwanza.
Amenuna. Amekunja mikono.
Ila ule mguu usio na kiatu
unapiga chini, pale pale penyewe,
bila kumwomba ruhusa.