Farasi Tisa Ndani ya Neno

Saa kumi alfajiri Gernot aligonga dirisha kwa ngumi
akapayuka kwa lugha ya kwao: Zaun! Zaun!
Mwezi wa Mei, Aisilandi haina giza la kumsitiri mtu.
Tulimwona wote: nguo za kulalia ndani ya mabuti,
nyundo mkononi, haya hana.

Kwao Ujerumani neno lile ni uzio,
nguzo na waya na misumari,
na jirani anayepima kwa macho kila asubuhi.

Lakini sikio la kushoto la mzee Sturlaugur lilikwishakufa.
Alisikia tún.
Na kwa Sturlaugur tún si waya.
Ni konde la nyasi linaloikumbatia nyumba,
lililolishwa samadi na babu yake, na babu wa babu,
ili Februari ng'ombe wawe na cha kucheua.
Akatoka bila kofia, akapiga magoti,
akapapasa majani kuona kama baridi imeyaunguza.

Wietske, mke wa mwanawe, ni Mfrisia.
Alivuka bahari na vitunguu vya tulipu ndani ya soksi,
na kwao tún ni bustani.
Akazunguka nyuma ya nyumba,
kiganja chini ya tumbo la miezi minane,
akahesabu: kumi na moja. Zote zimesimama.
"Kelele za nini? Bustani ni nzima!"

Watu watatu, neno moja, pande tatu za nyumba,
na farasi tisa katikati,
wanatafuna.

Ni Elspet aliyewaona, Mskoti mkata manyoya,
kaegemea mlango na sigara haijawaka.
"Kwa bibi yangu, toun ni shamba zima na mazizi yake.
Kwangu mimi ni mjini, ninakonunua tumbaku.
Sasa mwataka nikimbilie wapi?"

Baadaye, kwenye kahawa, matope yakikauka sakafuni,
mzee alichukua njiti za kiberiti
akazichomeka kwenye mkate, moja moja, duara.
Mwanzo, alisema, lilikuwa hili tu:
vijiti ardhini, fito zimesukwa katikati.
Kisha ndugu wakatawanyika.
Mmoja akaendelea kutazama vijiti.
Mmoja akatazama kilichoota ndani.
Mwingine akatazama moshi wa majiko,
majiko yakazaana, yakawa mitaa, yakawa taa.

Gernot akasema amewahi kusoma kwamba
huenda lilitoka kwa Waselti, waliokuwa na ngome.
Sturlaugur akaung'oa ule mkate, akaula, njiti kando.
"Kitu cha kuazima kisipodaiwa miaka elfu mbili,
mwenyewe ni nani?"

Nguo ya kuazima, tunasema sisi, haisitiri.
Neno la kuazima limesitiri mataifa.

Na mimi ninayewaandika kwa lugha wasiyoijua
ningewagawia moja la kwetu, wasigombane:
ua.
Fito za Gernot ni ua.
Uwanja uliozungukwa ni ua.
Tulipu ya Wietske, ile ya manjano iliyopinda, ni ua.
(Ila mtu asiliamrishe kwa hasira mbele ya farasi.)
Na kwa Elspet ningempa mji:
penye maduka ya tumbaku, penye boma la mtu mmoja,
na pale, chini ya kiganja cha Wietske,
mtoto alipojikunja, hajaambiwa bado
kwamba atazaliwa upande gani wa waya.

Kufikia saa nne Gernot alikuwa anapigilia nguzo ya mwisho.
Kila nyundo ilipotua, tumbo lilijibu.
Nje ya uzio farasi walisimama wakitutazama
kama wageni waliofukuzwa kabla ya chai.
Elspet akawahesabu. Wanane.
Akawahesabu tena.

Yule wa kijivu tulimkuta mchana, nyuma ya nyumba,
na tulipu zimebaki nne.