Sogi Tupu

Tulikuita Karani
kwa ile namna yako ya kusimama,
sikio moja juu, jingine limelala,
kama mtu aliyesahau kalamu kaiweka wapi.
Baba alikununua mnadani Kigwe
kwa mbuzi watatu na redio.
Mama alinuna wiki nzima, kwa ajili ya redio.

Miaka ishirini na miwili.
Jana usiku nimeihesabu kwa watoto:
Ndahani alikuwa hajaota meno,
Lechipya hata kuzaliwa bado,
na sasa Lechipya ana mume Manyoni.

Madumu manne, mawili huku, mawili huku,
saa kumi alfajiri, kutoka visima vya korongoni
tulivyochimba mchangani kwa mikono,
tukingoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe,
nawe ukingoja nasi,
ukitafuna kitu ambacho hakikuwapo.
Ningekuwa na elimu ningepiga hesabu.
Ninachojua, uji wote nilioupika nyumba hii
ulipita kwanza mgongoni mwako.

Mwaka uwele ulipokauka ukiwa magotini
ulimbeba mama hadi zahanati,
tumemfunga kwa kanga mbili asianguke.
Wewe, uliyeshtuka kila mfuko wa plastiki,
ulikanyaga polepole
kama unapita katikati ya watu waliolala.
Alifia huko.
Ukamrudisha, polepole vilevile.

Watu husema fadhila za punda ni mateke.
Ulinipiga mara moja tu, gotini,
siku nilipokaza kamba juu ya kidonda.
Ulikuwa na haki. Kovu ninalo, silionei haya.

Kisha bomba likaja.
Wakubwa na magari, sisi na vigelegele,
maji yakatoka na kutu, kisha meupe, kisha maji.
Sogi likatundikwa ukutani,
kuku akaligeuza kiota.
Lakini saa kumi alfajiri nikasikia kwato.
Ulikwenda korongoni peke yako,
ukasimama pale visima vilipofukiwa,
ukangoja,
ukarudi na mgongo mtupu.
Kila siku. Nani angekuambia, na kwa lugha gani?

Mwezi wa nane akaja kijana na pikipiki,
akakupima kwa macho toka shingoni hadi mkiani
kama fundi anayepima kitambaa.
"Ngozi ina bei, mama.
Huyu ameshakufa, amebakiza kuanguka tu."
Ndahani akanitazama. Nilimwona akihesabu ada za shule.
Simlaumu, hata mimi nilihesabu.
Nikamwambia yule kijana:
huyu ni mtumishi, anasubiri kiinua mgongo.
Akacheka, akawasha pikipiki, akatuachia vumbi.

Leo hukwenda korongoni.
Nimekukuta umelala ubavu penye minyaa,
macho wazi, pumzi ikiokota vumbi na kuliacha.
Nikafungua bomba, nikajaza dumu,
nikalibeba mwenyewe kichwani,
hatua arobaini tu,
shingo ikaniuma.
Nikakumiminia kwenye sufuria ya harusi yangu.
Ulinusa. Siku zote uliyakataa maji haya ya chuma.
Ukanywa mafunda mawili,
nadhani kwa heshima.

Ndahani alichukua sululu.
Ardhi ya kiangazi hailimiki, inalia kama bati.
Chilongani akauliza kutoka uani kwake,
"Tangu lini punda akazikwa?"
Hakujibiwa.
Baada ya kitambo akaja na jembe lake,
akachimba upande wa miguu, bila kusema neno.

Nilikuvua kamba ya shingoni.
Chini yake manyoya yalikuwa mapya,
meusi, laini,
kama ya mtoto wa punda.

Kuku ametaga matatu ndani ya sogi. Nimemwacha.
Sasa ni saa kumi, nami niko macho.
Bomba linadondosha.