Siti ya Saba

Si lori, si gari dogo. Limekaa katikati
kama mtoto wa pili, yule asiyeulizwa maoni.
Karatasi zinaiita rangi yake kijivu cha radi.
Marit anaiita rangi ya sufuria.

Tuliliona Jumamosi, kwenye yadi ya Curtis Bellanger,
pale mtaa unapochoka kupanda mlima.
Duluth, mwezi wa kwanza, ziwa limeganda hadi gatini.
Curtis alikuwa na glavu moja tu.
Ya pili, alisema, imeondoka na gari la jana.

Mimi ni fundi wa mabasi ya shule,
siuziwi mbuzi kwenye gunia.
Nikalala chali thelujini, nikachungulia tumbo lake,
nikagonga ekzosi, nikanusa oili,
nikahesabu kutu: vidoa vitatu, kila kimoja punje ya dengu.
Mwenyewe wa kwanza alikuwa mwalimu wa piano.
Dola elfu ishirini na mbili.
"Bei rahisi," akasema Curtis.
Rahisi ya miezi sabini na miwili.

La siti tano lilikuwepo, pungufu kwa elfu mbili.
Nikapiga hesabu kwa sauti:
Tuva, Silas, mama mkwe Irja, sisi wawili.
Watano. Tunaenea.
Marit hakujibu. Alikuwa nyuma kabisa, safu ya tatu,
magoti kidevuni, kofia imegusa dari,
anafunga mkanda, anafungua, anafunga.
"Mtoto ataenea hapa."
"Mtoto gani?"
"Sijui. Bado hawajapiga simu."

Kibali chetu cha kulea watoto wa watu
kilikuwa na wiki tatu, kimening'inia kwenye friji
chini ya sumaku ya duka la piza.
Nikasaini.

Simu ikaja siku ya kumi na moja, saa nane usiku.
Tuliahidiwa mmoja. Walikuwa wawili,
dada na kaka, kwenye benchi la polisi kule Cloquet,
nguo zao ndani ya mfuko mweusi wa taka.
Majina siyaandiki. Kaunti inakataza,
na hata isingekataza.

Wakapita siti zote, wakaenda kule mwisho,
wakabanana kama vidole ndani ya soksi.
Joto la siti linaishia safu ya pili;
aliyelichora gari hili
hakuwahi kukaa nyuma.
Marit akavua koti, akawafunika, akageuka,
akasafiri kinyumenyume, mkono juu ya egemeo,
usije ukahitajika.

"Hili gari ni lenu?" dada akauliza.
"La benki," nikasema.
Kioo kidogo kikanionyesha
kitu kilichokaribia kuwa kicheko.

Maili ya tisa, yule mdogo akatapika.
Nikaegesha kando, taa zinapepesa,
nikasugua kwa theluji na skafu yangu ya Krismasi.
Aliomba radhi mara nne.
Miaka sita, na anajua kuomba radhi mara nne.
Harufu ya upya niliyokuwa nikiivuta kila asubuhi,
nikiwa peke yangu, kama mwizi,
ikaishia pale, na sikuililia.
Mlimani injini ikanguruma, mzee anayepanda ngazi
huku akikataa kushikwa mkono.

Asubuhi kigari cha Irja cha kutembelea hakikuingia.
Safu ya tatu ikisimama, buti hubaki na nafasi ya mkate mmoja.
Hilo sikuliandika kwenye daftari langu.
Nikakifunga juu ya paa kwa kamba ya nguo,
magurudumu yake manne yakiangalia mbingu,
na Irja akasema, kwa ile sauti yake ya kanisani,
kwamba sasa tunafanana na kombamwiko aliyekufa.

Silas alicheka. Tuva akasogeza begi lake.
Yule mdogo akahesabu vichwa kwa kidole,
akakosea, akaanza tena,
akafika saba.
Alipofika saba alijigusa kifuani,
akafunga mkanda,
akaufungua,
akaufunga.