Mzee wa Miaka Kumi na Tisa

Kwenye kibao cheusi kifuani pangu pameandikwa Mzee.
Nina miaka kumi na tisa. Ndevu zangu zahesabika,
nami nazihesabu kila Jumatatu kwenye kioo kilichopasuka,
siku ya kufua mashati.

Vumbi la Katuba ni jekundu na halina adabu:
linapanda viatu, linapanda suruali,
linautafuta ukosi mweupe likae kama mwenye nyumba.
Mwenzangu, Mzee Ntambwe wa Mbuji-Mayi,
husugua kwa sabuni ya kipande akinung'unika kwa Kiluba cha kwao.
Hatuachani mimi naye, ndiyo sheria.
Akienda msalani nangoja nje
kama askari wa benki.

Tulipobisha kwa Baba Kalasa alisoma kibao,
akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.
"Mzee nani? Nionyeshe mvi moja tu, nikupe kiti."
Kiti alitupa hata hivyo. Na ngazi.
"Shika hapa. Bati linavuja."

Jumanne iliyofuata: shika hapa.
Jumanne ya tatu, magunia mawili ya makala.
Ya nne tulichimba mfereji,
maana mvua za Novemba hazibishi hodi.
Kitabu kilikaa mkobani. Kila nilipokigusa
alisema, "Bado. Acha kwanza niizoee mikono yenu."

Binti yake, Ngosa, akaleta chai.
Kukataa chai ya mtu, mbele ya baba yake!
Nikaanza kueleza, maelezo yakazidi kunitia aibu,
mpaka yule baba akanikata kauli:
"Ngosa, wape maji ya moto na sukari.
Wasije wakasema kwao kwamba hapa hatuna moto."

Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya tanuru la shaba.
Kutoka uani pake unaliona bomba refu la moshi
na kile kilima cheusi cha mabaki.
"Kile," alisema, "nimekikohoa mimi."
Sikujua kama nicheke.

Jumanne ya tisa kiti kilikuwa kimeegemezwa ukutani.
Yuko Sendwe, akasema Ngosa, wodi ya wanaume.
Tulikwenda kwa miguu; nauli tuliigeuza machungwa.

Alikuwa amepungua mpaka sauti.
Akanyoosha kidole kifuani pangu. "Leta hicho."
Nikakifungua kibao, nikakibana kwenye shuka lake.
"Leo mzee ni mimi. Haya, zungumza. Nimekuzoea."

Wiki tisa nilikuwa naingoja saa hiyo.
Somo la kwanza nalijua kwa Kiswahili, kwa Kifaransa,
nalijua usingizini.
Likaniponyoka lote, kama sabuni kisimani.
Nikainamisha macho, nikaziona kucha za miguu yake,
ndefu, ngumu, za njano,
hajazifikia tangu mvua zianze.

Ntambwe akaazima mkasi kwa muuguzi.
Nikapiga magoti kwenye saruji.

Sikusema neno. Nilikata.
Mgonjwa wa kitanda cha pili akazima redio.
Juu ya kidole gumba palikuwa na kovu,
tone la shaba la mwaka asiokuwa akiukumbuka,
laini, linang'aa kama sarafu.

Nilipomaliza nilidhani amelala.
"Siku moja," akasema, macho yamefumbwa,
"nitakuuliza ni nani aliyekutuma."

Jumatatu nilimpigia mama, Bukavu.
Picha ilikuwa ikikwama, uso wake ukisimama nusu ya neno.
Mnakula? Tunakula, mama, bukari na lengalenga.
Umebatiza wangapi?
Mtandao ukakatika, nikaushukuru.
Uliporudi alikuwa ameinama karibu na simu:
"Na kibao chako kiko wapi?"

Nikajitazama kifuani.
Mashimo mawili ya pini,
na kuyazunguka, kwenye shati lililofuliwa mara arobaini
na bado lina wekundu wa Katuba,
kipande kidogo cha mraba mrefu,
cheupe, cheupe kabisa,
ambako vumbi halijawahi kufika.